Ladha ya Ngumi: Tafakuri juu ya Safari ya Kula



Zipo safari za ibada, za biashara na za kutafuta elimu. Ipo pia safari ya kula. Watu wachache, labda 8 au 12, hukusanyika, hupanda gari dogo na kuzunguka vijiji vya Italia kwa muda wa wiki nzima. Asubuhi hutembelea shamba la mizeituni, mchana hufundishwa kukanda unga wa tambi katika jiko la mama mwenye nyumba, na jioni huketi kando ya shamba la mizabibu wakionjeshwa divai ya mwaka huu na ya miaka iliyopita. Baadhi ya wanafunzi wangu wanaojifunza Kiswahili wakiwa Ulaya wameniuliza kama pwani yetu inaweza kuwa na safari ya namna hiyo. Swali lao ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko ndiyo au hapana. Makala haya ndiyo jibu langu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha. Neno "mvinyo" tulilipata kwa Wareno, "divai" kwa Wafaransa, na "zabibu" kwa Waarabu. Hata "meza" ambayo juu yake tunaviandaa vyote hivyo ni neno la Wareno. Zabibu zenyewe hazipo mbali nasi: wamisionari wa Kiitalia walizipanda Bihawana, karibu na Dodoma, na leo wakulima wa mkoa huo huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini "tembo", kinywaji cha mnazi, ni neno letu wenyewe, na anayepanda mnazi kulitega ni "mgema". Sisi watu wa visiwani ni Waislamu, wala tembo hatulinywi. Hata hivyo lugha yetu haikumsahau mgema, bali ilimpa methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Naomba uikumbuke methali hiyo, kwa sababu nitaihitaji mbele.

Kwa nini mkulima wa Italia humkaribisha mgeni

Huenda ukadhani kwamba wakulima wale hufungua milango yao kwa ukarimu tu. Ukarimu upo, lakini ipo pia sababu ya kiuchumi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waitalia wengi waliyaacha mashamba wakaenda viwandani na mijini. Vijiji vilibaki na wazee, nyumba za mawe zikaanza kubomoka, na mbegu na mapishi ya kale vikawa hatarini. Mwaka 1985 bunge la Italia lilipitisha sheria nambari 730, iliyomruhusu mkulima kulaza na kulisha wageni shambani kwake, kwa sharti kwamba kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu. Zingatia sharti hilo, msomaji. Sheria haikutaka mkulima ageuke kuwa mwenye hoteli. Ilitaka mgeni amsaidie mkulima abaki kuwa mkulima.

Mwaka uliofuata, 1986, mwandishi Carlo Petrini na wenzake walipinga kufunguliwa kwa mkahawa wa vyakula vya haraka katikati ya jiji la Roma. Kutokana na upinzani huo likazaliwa vuguvugu la Slow Food, linalotetea chakula kilichopikwa kwa utaratibu wake na kwa haki ya aliyekilima. Mwaka 2004 vuguvugu hilo liliwaita wakulima, wavuvi na wafugaji wa nchi nyingi mjini Torino wakutane chini ya jina la Terra Madre, yaani Mama Ardhi.

Nimekueleza hayo ili uone kwamba nyuma ya sahani ya tambi kuna sheria, kuna mjadala wa umma, na kuna raia walioamua kuwa chakula chao ni jambo la kutetewa. Sasa twende kwetu.

Ngumi iko wapi

Ngumi ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Wabajuni, inayoanzia karibu na Kismayu na kushuka kusini hadi Ras Kamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya. Ukishuka kwa chombo kutoka Kismayu utapita Koyama, kisha Ngumi, kisha Chovae na Chula. Jina la kisiwa chetu linafanana na lile la mkono uliofumbwa, na wanafunzi hucheka wanapolisikia mara ya kwanza. Kina magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, alama ya mji uliokuwa na watu wake, biashara yake na wanachuoni wake. Lahaja ya watu wake, Kibajuni, huitwa pia Kitikuu, na jina hilo hufasiriwa kuwa linatokana na "nti kuu", yaani nchi kuu.

Bibi yangu alizaliwa Ngumi, akaolewa Kismayu. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na vita vikasambaa hadi kusini, alipanda jahazi pamoja na watoto na wajukuu, tukafika Mombasa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 3. Siikumbuki Ngumi kwa macho. Naikumbuka kwa ulimi, nikimaanisha ulimi unaosema na ulimi unaoonja. Kila nilichokijua kuhusu kisiwa hicho kabla ya kusoma vitabu, nilikijua nikiwa nimeketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, naye bibi akiwa mbele ya moto.

Kwa hiyo, ukiniuliza kuhusu safari ya kula, nitakupeleka kwanza kwenye jiko lile.

Mofa, ng'onda na chazo

Chakula kikuu cha bibi kilikuwa mkate wa mofa. Mtama hurowekwa, husagwa, kisha rojo lake hufunikwa usiku kucha mpaka lichachuke kidogo. Asubuhi tanuri la udongo, lenye umbo la mtungi uliokatwa mdomo, huwashwa kuni ndani yake. Moto ukishakuwa makaa, mpishi huulowesha mkono wake, huteka donge la rojo na kulibandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri kwa pigo moja la kiganja. Mkono ukichelewa, huungua. Mkono ukiharakisha kupita kiasi, donge huanguka katika majivu. Bibi hakuwahi kunieleza kipimo cha muda huo. Alinishika kifundo cha mkono akanionyesha. Mkate ukiiva hujibandua wenyewe pembeni, una uchachu kidogo, na huliwa kwa mchuzi wa samaki, au kwa samli na chai ya maziwa.

Kitoweo cha siku ambazo bahari imechafuka kilikuwa ng'onda. Samaki hupasuliwa mgongoni, hufunuliwa kama kitabu, hutiwa chumvi na kuanikwa juani. Wakati wa kusi kali, vyombo vidogo vinaposhindwa kutoka, ng'onda ndiye aliyezilisha nyumba. Bibi alimchemsha kwanza ili apunguze chumvi, akamtia katika tui la nazi pamoja na ukwaju na pilipili. Harufu yake haikuwapendeza majirani wetu wa Mombasa. Mwenye nyumba tuliyopanga alituomba mara mbili tupikie uani. Bibi alipikia uani, na siku chache baadaye majirani wakaanza kuleta bakuli zao.

Tena alinisimulia kuhusu chazo. Huyu ni samaki mwembamba mwenye kibandiko kichwani, ambaye hujigandisha kwenye mwili wa papa au kasa na kusafiri naye. Wavuvi wa Kibajuni walimfuga chazo, wakamfunga kamba mkiani na kumwachilia majini wanapomwona kasa. Chazo hujibandika kwenye gamba la kasa, nao huvuta kamba taratibu. Ujuzi huo uliwashangaza wasafiri wa karne ya 19 waliopita pwani hii. Leo kasa analindwa na sheria nchini Kenya, na hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ni mojawapo ya mahali anapotagia mayai. Naiunga mkono sheria hiyo. Lakini nataka neno "chazo" libaki vinywani mwenu, kwa sababu tunaweza kuacha kumla kasa bila ya kuusahau werevu wa wazee wetu.

Baasto ya Kismayu

Katika jiko lilelile la bibi, siku ya Ijumaa, kilipikwa chakula kingine kabisa. Alikiita "baasto". Zilikuwa tambi ndefu zilizochemshwa kwa maji ya chumvi, zikamwagiwa mchuzi mzito wa nyanya na samaki, na pembeni ikawekwa ndizi mbivu. Majirani zetu wa Mombasa walistaajabu, kwa sababu kwao tambi ni chakula kitamu kinachopikwa kwa sukari, iliki na tui, hasa wakati wa kufuturu. Uzi uleule wa unga ulikuwa na sukari katika nyumba ya jirani na chumvi katika nyumba yetu.

Baasto ilifikaje Kismayu? Hapa historia ya chakula inakuwa somo la uraia. Hadi mwaka 1925, Jubaland ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Kenya. Mbajuni wa Ngumi na Mbajuni wa Faza walikuwa chini ya serikali moja, japo ya kigeni. Lakini katika mapatano ya siri ya London ya mwaka 1915, Uingereza na washirika wake waliiahidi Italia kwamba, ikiingia vitani upande wao, itafidiwa. Mwaka 1924 mkataba ulitiwa saini, na katikati ya mwaka 1925 Jubaland ikakabidhiwa. Waitalia waliiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya mto Juba, na mwaka 1926 wakaiunganisha na koloni lao la Somalia. Visiwa vyetu vilitolewa ili kulipia deni la vita vilivyopiganwa Ulaya, wala hakuna mwenyeji wa Ngumi aliyeulizwa.

Pamoja na bendera mpya zilikuja tambi, na pamoja na tambi yakaja mashamba makubwa ya migomba katika mabonde ya Juba na Shabelle, ambayo ndizi zake zilisafirishwa kuuzwa Italia. Kazi ya mashamba hayo ilikuwa ngumu na mara nyingi ya kulazimishwa. Utawala ule uliondoka, lakini Kisomali kilibaki na "baasto" kutoka neno la Kiitalia la pasta, na "suugo" kutoka sugo, yaani mchuzi. Nimewahi kusikia kijana akisema kwamba kula baasto ni kuendeleza ukoloni. Namheshimu kwa kuwaza jambo hilo, ila mimi naona vingine. Mikono iliyolima ndizi ile ndiyo iliyoiweka kando ya tambi, na hakuna Mwitalia aliyewafundisha kufanya hivyo. Chakula kilichokuja kwa amri kimekaa kwa hiari, baada ya wenyeji kukibadilisha mpaka kikawa chao.

Safari yetu ya watu 9

Ngumi yenyewe siwezi kukupeleka kwa sasa. Usalama wa njia ya bahari kaskazini mwa Kiunga hauruhusu mwalimu kuwabeba watoto wa watu. Lakini Wabajuni wapo pande zote mbili za mpaka, na mwaka jana, kusi ilipokwisha kutulia, niliwachukua wanafunzi 6 kutoka Lamu hadi Kizingitini, katika kisiwa cha Pate. Tukiwa na nahodha na baharia wake tulikuwa watu 9. Wanafunzi wawili walitoka Nairobi, wawili Kampala, mmoja Ujerumani na mmoja Bologna, Italia. Tulingoja maji yajae ili mashua ipite Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, kisha tukatweka tanga.

Tulikuwa wachache kwa makusudi. Nyumba ya kawaida ya mvuvi inaweza kuwalisha wageni 6 bila ya kuazima sufuria. Wakija 30, mwenye nyumba atalazimika kugeuka mwenye mkahawa, na chakula kitapikwa kwa haraka na kwa kubahatisha. Hapo ndipo methali ya mgema inapoingia. Sifa za wageni wengi humfanya mpishi apunguze ukwaju ili wasikunje nyuso, aache ng'onda ili wasizibe pua, na mwishowe awape kile anachodhani wanakitaka. Tembo limetiwa maji. Mgeni ataondoka akidhani ameionja pwani, kumbe ameonja hofu ya mwenyeji.

Mwenyeji wetu Kizingitini alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Koyama. Alitupokea kwa neno la kaskazini, "Ndooni!", na mwanafunzi mmoja akageuka kutafuta ndoo ya maji. Ikawa somo la kwanza la siku: katika lahaja za kaskazini, "njoo" ni "ndoo". Alikuwa na tanuri la mofa nyuma ya nyumba. Hakutupa ruhusa ya kumpiga picha, akasema picha hailoweshi mtama, na badala yake akawagawia kazi. Wawili walikuna nazi, wawili walisafisha samaki aina ya tafi, na wawili walikaa karibu na tanuri wakiutazama mkono wake. Walikula saa nane mchana, wakiwa na njaa ya kweli.

Baada ya chakula, mwanafunzi mmoja kutoka Nairobi aliuliza kwa adabu, "Mama, bei gani?" Mama yule akatabasamu. "Mwanangu, chakula hiki hakina bei," akasema. "Mtama una bei. Kuni zina bei. Samaki ana bei, maana mume wangu amenunua petroli ya mashine." Akavitaja kimoja kimoja, na kiasi cha kila kimoja, bila ya kuongeza wala kupunguza. Tulilipa vyote, tukaongeza ujira wa siku yake, naye akaupokea bila ya kuona haya. Nawaomba wanafunzi wangu wote walitafakari jibu lile. Ukarimu haununuliwi, lakini haumaanishi kwamba mwenye ukarimu afilisike. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekula bure kisha akaandika sifa nzuri hajamponya mwenyeji wake.

Jioni tulizungumza kuhusu vyakula vya Kismayu, na mama akataja "baasto na suugo". Mwanafunzi wa Bologna akainua kichwa. Akauliza jinsi maneno ya nyumbani kwao yalivyofika katika kisiwa hiki. Mama akamjibu, "Mulikuja nayo, mwanangu, mukaisahau. Nasi tukaitunza." Msichana yule hakusema neno kwa muda, kisha akaomba aelezwe habari ya mwaka 1925, ambayo hakuwa ameisoma shuleni. Nilimweleza pale pale, juu ya mkeka. Sidhani kuwa darasa langu lingeweza kumfundisha vizuri zaidi.

Chakula kinapotolewa ushahidi

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa Mbajuni, chakula kinaweza kuwa hati. Wengi walikimbia bila ya vyeti, na visiwani vyeti vilikuwa haba tangu awali. Wakiomba hifadhi ugenini, huulizwa maswali ili ijulikane kama kweli wametoka walikosema: taja visiwa, eleza uvuvi, sema mlikuwa mnakula nini. Nchini Uingereza suala hili lilifika mbele ya baraza la rufaa za uhamiaji, na mwaka 2004 baraza hilo likatoa mwongozo kwamba ujuzi wa Kibajuni upimwe pamoja na maisha ya mwombaji na ujuzi wake wa mahali alipotoka, badala ya kipimo kimoja kuamua kila kitu.

Binamu yangu aliomba hifadhi katika nchi moja ya Ulaya. Alizaliwa Kismayu, akakulia katika kambi ya wakimbizi nje ya Mombasa. Aliulizwa nyumbani kwao kulipikwa nini. Akajibu kwa ukweli: mahindi na maharage, kwa sababu ndiyo posho tuliyopewa kambini, na mofa siku chache ambazo bibi alipata mtama. Aliyemhoji akaandika kwamba mahindi na maharage si chakula cha visiwani. Alikuwa sahihi kuhusu visiwa na hakuwa sahihi kuhusu binamu yangu. Kesi yake ilichukua miaka, na katika kikao cha pili alikubaliwa. Miaka ile haikurudi.

Tazama hatari iliyopo, msomaji. Mtalii hutaka chakula "halisi", na afisa naye hutaka chakula "halisi". Wote wawili wamechora sahani moja akilini mwao, na mwenyeji akileta sahani nyingine huonekana mwongo. Lakini meza ya watu waliohamishwa ina vitu vyote vilivyowapata. Ya bibi yangu ilikuwa na mofa ya Ngumi, baasto ya Kismayu, maharage ya kambini na mahamri ya Mombasa. Ukiondoa kimoja, umefuta sura moja ya maisha yake.

Nyumbani Somalia, nako, Wabajuni wamekuwa wakihesabiwa kwa namna inayohitaji kujadiliwa. Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti vya siasa vimekuwa vikigawanywa kwa kanuni ya 4.5: koo kubwa nne hupata fungu zima kila moja, na jamii nyingine zote, Wabajuni wakiwemo, hugawana nusu. Mwaka 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya, mataifa mawili ndiyo yaliyokuwa na mawakili. Wavuvi wanaozifahamu bahari hizo kwa majina ya miamba yake hawakuwa upande wowote wa kesi. Jamii isiyosikika katika vikao haina budi kusikika katika lugha yake, nyimbo zake na chakula chake. Ndiyo maana sichukulii mzaha neno kama "ng'onda".

Ukienda, nenda hivi

Basi jibu langu kwa wanafunzi walioniuliza ni hili: safari ya kula inawezekana kwetu, na nakuhimiza uifanye, Italia au Pate, kwa masharti machache.

Kwanza, nendeni wachache, na mkae muda wa kutosha kufanya kazi mliyopewa. Anayeonja bila ya kukuna nazi amepata nusu ya somo.

Pili, uliza jina la kila kitu kwa lahaja ya mahali hapo, uliandike kama ulivyolisikia. Usimsahihishe mama wa Kizingitini kwa Kiswahili cha kitabuni. Kitabu kilichelewa kufika kwake.

Tatu, uliza ni nani aliyelima. Ukiwa Italia, unapomiminiwa divai au kupakuliwa nyanya, kumbuka kwamba wavunaji wengi ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika wanaofanya kazi katika mashamba ya kusini kama yale ya Foggia. Dhuluma dhidi yao ilikithiri hata mwaka 2016 Italia ikapitisha sheria nambari 199 ya kuwaadhibu madalali na waajiri wanaowanyonya. Mkulima mwenye haki hataudhika ukimuuliza swali hilo.

Nne, lipa gharama kamili, na usiombe mapishi yapunguzwe makali kwa ajili yako.

Tano, mwenyeji akikuwekea baasto mahali ulipotarajia mofa, kula, kisha muulize ilikotoka. Pengine hapo ndipo historia yenyewe itakapoanza kusimuliwa.

Msamiati

*Chazo*: samaki mwenye kibandiko kichwani, anayejigandisha kwa samaki wakubwa na kasa.
*Kusi*: upepo wa msimu uvumao kutoka kusini, pia majira yake.
*Mbuzi* (ya nazi): kibao chenye chuma cha meno cha kukunia nazi.
*Mofa*: mkate wa mtama uokwao kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo.
*Ng'onda*: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani.
*Posho*: chakula cha kugawiwa kwa kipimo.

Maswali ya kujadili

1. Sheria ya Italia ya mwaka 1985 ilimtaka mkulima abaki kuwa mkulima. Ungeandika sharti gani kama hilo kwa wavuvi wa pwani yetu?
2. Fafanua tofauti iliyopo kati ya ukarimu na biashara kwa kurejelea jibu la mama wa Kizingitini.
3. Chagua chakula kimoja kinachopikwa kwenu. Mwulize mzee wa nyumbani kilitoka wapi, kililetwa na nani, na kilibadilika vipi kilipofika. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, katika aya tatu.